Bima ya afya kwa mfanyakazi wa Tanga: NHIF ya kazini, ya binafsi ya kikundi, ya kujikatia, au ya kulazwa tu?

Watu wengi wakianza kutafuta bima ya afya wanaanza na bei. Hii laki ngapi, ile laki ngapi, afu mtu anachukua ya katikati anaona kacheza salama. Kwa mtu wa Dar labda inaenda, maana hospitali ziko kila kona na kadi ikikataliwa hapa anavuka barabara anajaribu pale. Kwa sisi wa Tanga mambo ni mengine. Hospitali kubwa za binafsi hapa mjini ni za kuhesabu, ukizidiwa unaandikiwa rufaa ya Dar au KCMC Moshi, na kote huko ni kama kilomita 350 za barabara. Kwa hiyo bei naiweka mwisho kabisa, na naomba na wewe uiweke huko kwa muda.

Nalinganisha njia nne ambazo mtu mwenye kazi anakutana nazo: NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) inayokatwa kwenye mshahara, bima binafsi ambayo mwajiri anawakatia kwa pamoja, bima binafsi ya kujikatia mwenyewe yenye OPD (matibabu ya kwenda na kurudi nyumbani) na kulazwa, na ile ya kulazwa tu. CHF ya kaya, ule mfuko wa afya ya jamii, sijaiweka humu, ina kazi yake lakini haishindani na hizi.

Pima kwa vitu hivi kwanza

Cha kwanza ni kadi inapokelewa wapi. Hapa watu wanaumizwa sana, kwa sababu wanauliza jina la kampuni badala ya kuuliza plani. Kampuni moja inaweza kuwa na plani nne au tano na kila moja ina orodha yake ya hospitali. Fanya hivi, chukua simu pigia hospitali unayoitumia siku zote, omba mtu wa dawati la bima:

"Habari za kazi dada yangu, mnapokea kadi za kampuni fulani?"

"Tunapokea kaka."

Wengi wanakata simu hapo wamefurahi. Wewe usikate.

"Na plani yao ile ndogo, ya mwanzo kabisa?"

"Ngoja niangalie... hiyo tunapokea kulazwa, OPD hapana."

Umeona sasa? Hilo jibu la pili ndo bima yenyewe. Afu rudia simu hiyohiyo kwa hospitali moja ya Dar na moja ya Moshi, kwa sababu siku ya rufaa hutakuwa na akili ya kupiga simu.

Cha pili ni limiti. Bima binafsi nyingi zina kiwango cha pesa kwa mwaka, kulazwa limiti yake, OPD limiti yake, na ndani ya hapo kuna vikomo vidogo vya kujifungua, meno, miwani, magonjwa ya kudumu. Omba jedwali la mafao, karatasi moja au mbili hivi, usome kila mstari. Tuseme umeona pameandikwa kulazwa milioni 20 na chini yake kujifungua kwa upasuaji milioni 2, ukajumlisha ukapata 22. Soma pembeni, kama pameandikwa "ndani ya limiti ya kulazwa" basi hiyo milioni 2 inatoka kwenye zile 20, na ikiisha hiyo 2 mengine unalipa wewe hata kama ile 18 haijaguswa. Angalia pia limiti ni ya kila mtu au ya familia nzima, maana OPD ya milioni moja ya kugawana watu watano, watoto wakishikwa na malaria na vifua kipindi cha masika, mwezi wa nane ushaanza kulipa kesh.

Cha tatu ni muda wa kusubiri na magonjwa uliyokuja nayo. Cha nne, nani anaingia kwenye kadi, na hapa wazazi ndo shida. Cha tano, ukiacha kazi au kuachishwa inakuaje. Na cha sita ndo bei, sio ya mwaka huu peke yake, na ya mwaka unaofuata.

Jambo moja la pembeni kabla sijaendelea, kwa watu wa viwandani Pongwe, bandarini na wale wa mradi wa bomba la mafuta kule Chongoleani. Ukiumia kazini hilo ni la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi 2015, na mchango wake analipa mwajiri peke yake, haukatwi kwako. Usikubali ajali ya kazini imalize limiti yako ya bima halafu mwezi unaofuata mtoto akiugua kadi imekauka. Ripoti kwa mwajiri, ijazwe fomu, ifuate njia yake.

NHIF ya kazini

Mfuko huu ulianzishwa kwa sheria ya 1999 ukaanza kuhudumia watu 2001. Mtumishi wa umma hana cha kuchagua, yumo. Sekta binafsi waajiri wengi wanaitumia pia. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, mara nyingi nusu wewe nusu mwajiri. Mshahara wa 900,000 wewe unakatwa 27,000, mwajiri anaweka 27,000, jumla 54,000 kwa mwezi yani 648,000 kwa mwaka, na kadi zinatoka kwa watu sita: wewe, mwenza wako na wategemezi wanne.

Kwenye kupokelewa, kwa mikoani hakuna inayoifikia. Zahanati, vituo vya afya, hospitali ya mkoa ya Bombo, hospitali za mashirika ya dini, hadi Muhimbili, Ocean Road ya saratani, MOI ya mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mtu anayekaa Muheza au Lushoto au anayezunguka Handeni kikazi kadi hii ina maana kwake kuliko ya binafsi yenye hospitali mbili za mjini. Ila hospitali za binafsi hazitabiriki. Machi 2024 kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika, hospitali binafsi kadhaa kubwa zilitangaza kusitisha huduma kwa wenye kadi za NHIF kwa sababu ya bei mpya. Mambo yalikuja kutulia, lakini ndo ujue kwamba mlango wa leo unaweza kufungwa kesho kwa ugomvi usiokuhusu.

Limiti ya pesa ya mwaka kama za binafsi haina, yenyewe inaenda na kitita, yani orodha ya huduma na dawa zinazolipiwa. Kilichomo unapata, kisichomo hupati, na vipimo au matibabu makubwa yanataka kibali. Kero ya kila siku ni dawa, unaandikiwa tano unapata tatu, mbili unaambiwa hazipo ukatafute. Na foleni, hiyo sina haja ya kueleza, aliyewahi kukaa benchi anaijua.

Faida ambayo vijana hawaioni mpaka wafike miaka 45 ni hii: haikuulizi una presha au sukari kabla ya kukupokea kazini, na haikupandishii mchango kwa sababu mwaka jana uliugua sana. Mzazi wako mwenye miaka 70 unaweza kumweka kama mtegemezi, kitu ambacho kampuni binafsi watakuangalia tu. Ukistaafu ukiwa mwanachama uliyetimiza masharti ya uchangiaji, wewe na mwenza mnaendelea. Ukiacha kazi katikati ndo tatizo, michango ikikatika kadi nayo inakatika, na hapo unabaki kutafuta vifurushi vya mtu mmojammoja vya Ngorongoro na Serengeti vilivyokuja 2024 kuchukua nafasi ya Najali, Wekeza na Timiza. Hivyo bei yake inaenda na umri na mafao yake hayafanani na ya kadi ya kazini, usichanganye.

Binafsi, ya kikundi, anayolipa mwajiri

Hapa ndo wanaingia kina Jubilee, Strategis, Assemble ambayo zamani ilikuwa AAR, na wengine. Mwajiri anakaa na broka, anachagua plani, anawaandikisha wote.

Kupokelewa inategemea plani, nimeshasema. Uzuri wake ni kwamba hospitali za binafsi zinaipenda kadi hii, huduma inaenda haraka, dawa unapata palepale, na kwenye rufaa ya Dar unaingia hospitali ambazo ungelipa mwenyewe ungeuza kiwanja. Plani kubwa nyingine zinavuka hadi Kenya au India, na kwa mtu wa Tanga kuvuka Horohoro kwenda Mombasa ni karibu kuliko Dar, kwa hiyo ulizeni hilo, ila ulizeni na kama unatakiwa kuomba kibali kabla ya kuvuka. Ukivuka kwanza ukaomba baadae, hela hurudishiwi.

Magonjwa ya zamani, kikundi kikiwa kikubwa kampuni nyingi zinakubali kuyabeba tangu siku ya kwanza, hamjazi fomu ndefu za afya. Hiyo ni faida kubwa sana na watu hawaijui. Mtu mwenye sukari ambaye akijikatia mwenyewe angesubirishwa mwaka mzima, kwenye kikundi anaweza kuanza kliniki mwezi huohuo. Ofisi ndogo ya watu sita saba mambo yanabadilika, mtajaza fomu kama kawaida.

Familia inategemea mwajiri ni mkarimu kiasi gani. Wengine wanalipia mke na watoto, wengine wewe tu, wengine wanakuruhusu kuongeza familia ukikatwa kwenye mshahara. Mtu wa HR atakujibu kwa dakika mbili, muulize. Wazazi mara nyingi hawamo.

Bei wewe huioni lakini ipo. Mwisho wa mwaka kampuni inaangalia ofisi yenu mmetumia kiasi gani ikilinganishwa na mlicholipa, mkiwa mmetumia sana premiamu, yani hela ya kulipia bima, inapanda au mafao yanapunguzwa kimyakimya. Ndo maana unaweza kuamka Januari hospitali yako uliyoizoea haimo tena kwenye orodha na miwani imetolewa. Kila mkihuisha ombeni jedwali jipya, msidhani ni lile la mwaka jana. Na siku ya mwisho ya mkataba wako kazini, kadi inazimwa, hata kama ulikuwa na kliniki wiki ijayo. Kwa vijana wa mikataba ya miezi sita sita hili ni la kuwazia mapema, sio siku unakabidhi kitambulisho getini.

Binafsi ya kujikatia, OPD na kulazwa

Hii ni kwa mtu ambaye mwajiri hamkatii kitu, au anafanya kazi zake. Kupokelewa ni kama ya kikundi, plani yenyewe ndo inaamua. Limiti unachagua kwa mfuko wako.

Kwenye kusubiri ndo pagumu. Utaratibu uliozoeleka: ajali inalipiwa mara tu bima ikianza, ugonjwa wa kawaida unasubiri kama siku 30, kujifungua miezi 9 hadi 12, magonjwa ya kudumu uliyokuwa nayo mara nyingi mwaka mzima, na mengine yanatolewa kabisa. Mama mjamzito wa miezi miwili anayekata bima leo ili ajifungulie kwenye kadi, haiwezekani, na wakala anayekwambia inawezekana muombe aandike.

Fomu ya afya jaza ukweli. Najua wakala wengine wanasema we weka hapana hapana hapana tumalize, wao wanatafuta kamisheni. Ukija kulazwa kwa kiharusi, kampuni inaomba faili lako la kliniki ya presha la miaka mitatu nyuma, inaona tarehe, inakataa kulipa, na kisheria ina pa kusimamia. Bora uandike presha yako, usubiri mwaka, uwe salama mwaka wa pili.

Familia unaweka unavyotaka, kila kichwa na bei yake kwa umri. Mzazi wa zaidi ya 60 au 65 kampuni nyingi hazimpokei akiwa mpya. Ukiacha kazi bima haikatiki maana ni yako, hiyo ndo raha yake, unaenda nayo popote.

Bei sasa. Kinachoifanya iwe ghali ni OPD, kwa sababu kampuni inajua utaenda. Kulazwa ni bahati mbaya inayoweza isitokee, OPD ni mafua ya kila mwezi. Kwa hiyo ukiona premiamu imekushinda, usikimbilie kampuni nyingine, kwanza uliza bila OPD ni ngapi. Na muulize kama unaweza kulipa kwa awamu, wengine wanakubali, ila awamu moja ikichelewa kadi haisomi.

Kulazwa tu

Hii mawakala hawaipigii debe, labda kwa sababu kamisheni yake ni ndogo, na mimi naona inadharauliwa bure. Inalipia ukilazwa: kitanda, daktari, upasuaji, ICU, vipimo na dawa ukiwa wodini. Ukienda na homa ukaandikiwa dawa ukarudi nyumbani, unalipa mwenyewe.

Mtu mwenye miaka 28 mzima wa afya anayekaa Makorora anaweza kumaliza mwaka mzima bila kutumia laki mbili OPD. Huyo akichukua ya kulazwa tu, ile tofauti ya premiamu akaiweka kwenye akaunti ya simu asiyoigusa kwa mambo mengine, mwisho wa mwaka isipotumika ni hela yake. Kwenye bima kamili isipotumika imeenda.

Lakini ina mitego. Kipimo kikubwa kama MRI ukifanyiwa bila kulazwa, plani nyingi za namna hii hazilipi, na MRI si hela ya vocha. Upasuaji mdogo wa kuingia asubuhi kutoka jioni, wengine wanauhesabu kama kulazwa wengine hapana, uliza. Kliniki baada ya kutoka wodini, zile za kuangalia kidonda na kutoa nyuzi, uliza zinalipiwa kwa siku ngapi. Kujifungua mara nyingi ni nyongeza ya kulipia pembeni. Masharti ya kusubiri na ya umri ni yaleyale ya kujikatia, na ukiacha kazi inabaki yako. Mtu mwenye sukari, presha, pumu, au mwenye watoto wadogo watatu, hii peke yake haimtoshi hata kidogo, maana gharama zake zote ziko OPD.

Sasa wewe uko wapi

Mtumishi wa umma, NHIF unayo tayari. Ukiona unataka hospitali za binafsi bila wasiwasi wa migogoro, ongeza ya kulazwa tu juu yake badala ya kununua bima nzima ya pili. Utakuwa na NHIF kwa kliniki na dawa za kila siku, na ya pili kwa siku kubwa.

Umeajiriwa binafsi na mwajiri anawauliza mnataka NHIF au ya kampuni, angalieni nyie ni watu gani. Ofisi yenye vijana wengi wa mjini watafurahia ya kampuni. Ofisi yenye watu wazima, wenye wazazi wa kuwatunza, na wengine wanatoka Pangani na Mkinga, wengi wao NHIF itawafaa zaidi hata kama foleni inawakera. Na kumbukeni ile Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka kila mkazi awe na bima, kwa hiyo mwajiri akisema hakatii mtu chochote, mazungumzo hayo sasa yana mguu wa kusimamia.

Una ugonjwa wa kudumu na ofisi ina bima ya kikundi, ingia hiyo kwanza, usijikatie. Kama huna ofisi, jikatie mapema kabla ya umri kukufungia, andika ugonjwa wako, na mwaka wa kusubiri uupangie bajeti ya dawa kabisa.

Mnategemea mtoto ndani ya miaka miwili, kata bima angalau mwaka mmoja kabla ya kubeba mimba, afu angalieni kikomo cha kujifungua kwa upasuaji, sio cha kawaida, maana upasuaji unaweza kuja bila kupangwa.

Kijana wa mkataba mfupi, wa mradi au bandarini, tumia kadi ya kampuni wakati iko hai, meno na macho malizeni humo, na wakati huohuo anza ya kulazwa tu kwa jina lako, ili mkataba ukiisha ule muda wa kusubiri uwe ushapita.

Mwenye kazi zake mwenyewe, duka Ngamiani au gari la mizigo, na familia ya watu watano, pigia hesabu mbili kwenye karatasi moja: vifurushi vya NHIF kwa kila kichwa, na binafsi ya kulazwa tu kwa wote pamoja na hela ya OPD unayoitoa sasa hivi kwa mwaka. Usikadirie, fungua miamala ya simu ya mwaka jana ujumlishe uliyolipa hospitali na famasi. Wengine watakuta NHIF inawafaa, wengine watashangaa.

Na yoyote utakayochukua kati ya hizi za binafsi, hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, dai stakabadhi ya malipo, na ukikataliwa malipo usiishie kugombana na dada wa mapokezi ambaye hana mamlaka yoyote. Omba sababu kwa maandishi, wapelekee kampuni malalamiko, wakikaa kimya kuna TIRA yenyewe na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mwenye wazazi wanaomtegemea na ambaye bado hajaamua, aanze na swali la wazazi kabla ya lingine lolote, kwa sababu hilo peke yake linaweza kufuta njia tatu kati ya hizi nne.